Kwa nini Marekani ilimkataa Salim

Watanzania wa rika la baba yangu wakianza kuzungumzia Umoja wa Mataifa, haipiti muda kabla mmoja wao hajaleta habari ya Salim. Mwaka 1971, China ilipoingizwa Umoja wa Mataifa, balozi wetu kijana Salim Ahmed Salim alishangilia waziwazi ukumbini, mbele ya Wamarekani walioshindwa. Miaka kumi baadaye akagombea Ukatibu Mkuu, Wamarekani wakamkumbuka, wakamkata kwa kura ya turufu, ile kura moja ya kupinga inayotosha kuzuia jambo zima. Mmoja atatikisa kichwa na kusema "wakubwa hawasahau", kisha mazungumzo yatahamia kwenye mpira.

Nimeisikia habari hii tangu nikiwa mtoto, na nimekuja kuamini kwamba inatupotosha. Si uongo. Shangwe zilikuwepo, na turufu ilikuwepo. Ila tunaisimulia dola kubwa kama jirani mwenye kinyongo aliyekaa miaka kumi akisubiri siku ya kulipiza. Dola hazifanyi kazi hivyo, au tuseme hazifanyi hivyo mara nyingi. Na taifa linaloamini kwamba siasa za dunia ni habari za kupendana na kuchukiana litakuwa linashtuka kila siku. Leo litamwita huyu rafiki wa damu, kesho litamwita msaliti, na mara zote mbili litakuwa halijamwelewa.

Turudi kwenye usiku wenyewe. Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu lilikuwa na jambo moja mezani: kiti cha China kikaliwe na nani? Tangu 1949 serikali ya Chiang Kai-shek, iliyoshindwa na Wakomunisti, ilikuwa imekimbilia Taiwan, lakini ndiyo iliyoendelea kukaa New York, ikiwa na kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama na turufu juu, huku serikali iliyotawala mamia ya mamilioni ya Wachina ikiwa nje. Marekani ilitumia mbinu moja kwa miaka mingi. Ilitaka suala hilo lihesabiwe kuwa "suala muhimu", ili lihitaji theluthi mbili ya kura. Usiku ule mbinu hiyo iliwekwa kwenye kura ikaanguka, 59 kwa 55. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka, kwa sababu kila mtu alijua kilichobaki ni kuhesabu tu. Wajumbe wa Taiwan wakatoka nje, na azimio namba 2758 likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia.

Tanzania haikuwa mtazamaji, ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizoandika azimio lile. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi nazo ziliunga mkono. Kongo ya Mobutu ilipinga. Waliounga mkono hawakuwa wanyonge peke yao pia. Uingereza, Ufaransa na Kanada, marafiki wakubwa wa Marekani, zote zilipiga kura ya ndiyo. Kama kosa lilikuwa kuitakia China kiti, basi wakosaji walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wakila meza moja na Washington.

Kuna jambo lingine la wiki ile ambalo vijiweni kwetu halisemwi kabisa. Balozi wa Marekani, George H. W. Bush, alikuwa New York akihangaika kutoka ujumbe hadi ujumbe kuiombea Taiwan kura. Wakati huohuo Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon, alikuwa Beijing, ziara yake ya pili mwaka ule, akipanga safari ya bosi wake, iliyofanyika Februari 1972. Nchi moja, wiki moja, watu wawili wanaokwenda pande mbili. Bush alitetea ahadi ya zamani. Kissinger alitafuta kitu kipya, yaani China ya kuibana Urusi ya Kisovieti. Ukitaka kujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa maslahi ya taifa kwa Marekani ya wakati ule, tazama lipi lilidumu. Januari 1, 1979 Marekani ilianzisha rasmi uhusiano wa kibalozi na Beijing na kuuvunja na Taipei.

Sasa fikiria. Kufika 1981, Marekani ilikuwa na balozi wake Beijing kwa karibu miaka mitatu. Ilikuwa imefanya yenyewe kile Salim alichokishangilia. Mtu anamwadhibu vipi mwenzake kwa kufika mapema mahali ambapo yeye mwenyewe amekwishafika?

Kabla sijajibu, niseme kwa nini Tanzania ilikuwa upande ule, kwa sababu hapo nako tumezoea jibu rahisi: Mwalimu Nyerere alikuwa mjamaa, China ilikuwa ya kijamaa, basi. Ujamaa ulikuwepo, lakini jibu liko zaidi kwenye ramani. Chukua ramani ya Afrika ya mwaka 1965 uitazame Zambia. Shaba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa maisha yake, ilipita zaidi kwa reli kusini kupitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) hadi bandari za Msumbiji ya Wareno. Novemba 11, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na Zambia ikajikuta uhai wake umeshikwa mkononi na mtu inayempinga. Njia ya kutokea ilikuwa kaskazini-mashariki, Dar es Salaam. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshaitazama reli hiyo na kusema haitalipa. Kwa hesabu ya tani na nauli pengine walikuwa sahihi. Hawakuwa wameulizwa kuhusu uhuru, na hesabu yao haikuwa na safu ya kuuandika.

China ilikubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, mkopo wa yuan milioni 988 bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulianza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa. Nimeipanda. Ukitoka Mlimba kuelekea Makambako utajua kwa nini watu wazima huitaja reli hii kwa heshima. Treni inapanda pole kama inayotafakari, inaingia handakini, inatoka juu ya daraja refu lenye korongo chini, inaingia handaki jingine kabla macho hayajazoea mwanga. Njia nzima ina mahandaki 22 na sehemu kubwa yako kwenye kipande hicho. Mlimba wanawake wanaleta ndizi na mchele hadi dirishani, unashusha pesa na kupokea mfuko wakati behewa limeshaanza kutikisika. Na Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar, kuna makaburi ya Wachina waliofia kazini, zaidi ya 60, yamepangwa kwa mistari chini ya mawe yaliyoandikwa Kichina. Waliozikwa pale wengi walikuwa mafundi na vibarua, si wanadiplomasia.

Kwa hiyo kila upande ulipata nini? Zambia ilipata mlango wa bahari usiolindwa na adui. Tanzania ilipata mzigo kwenye bandari yake, reli kwenye nyanda za kusini zilizokuwa zimesahauliwa, na uwezo wa kuendelea kuwa kambi ya nyuma ya ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. China ilipata marafiki Afrika wakati imegombana na Marekani na Urusi kwa mpigo, na marafiki hao walikuwa na kura New York. Hakuna aliyemfanyia mwenzake sadaka. Na simaanishi hili kama shutuma. Urafiki wa mataifa ulio imara ni ule ambao kila mmoja anajua mwenzake anafuata nini.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wenzangu mtandaoni. Wanasema Tanzania ya wakati ule iliendeshwa na "misimamo", haikujua maslahi yake. Ingenyamaza, ingepewa misaada. Wanataja mwaka 1965, uliokuwa mwaka mzito kweli. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sheria yake kwamba atakayeitambua Ujerumani Mashariki amekosana nayo. Muungano wetu ulipozaliwa Aprili 1964 ulirithi ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar. Tanzania ikatafuta njia ya katikati, ikaruhusu konseli kuu Dar es Salaam bila kuitambua nchi yenyewe kikamilifu. Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, ikaondoa misaada yake ya kijeshi Februari 1965. Nyerere akajibu kwa kuwaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikumzuia Smith, kama mawaziri wa OAU walivyokuwa wameazimia Addis Ababa. Nchi wanachama zilikuwa zaidi ya 30. Zilizotimiza azimio zilikuwa chache tu. Sisi tulitimiza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukagandishwa.

Ni kweli tulipoteza fedha, na ni kweli kuna shule na barabara ambazo hazikujengwa kwa wakati. Sitaki kulipamba hilo. Lakini kusema hayo hayakuwa maslahi ni kusoma neno hilo kwa ufinyu. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na wanavijiji wa kusini walijua mabomu na mabomu ya ardhini ni nini. Nchi ambayo ng'ambo ya mpaka wake wa kusini inatawala serikali inayoona uhuru wake kuwa hatari haiko salama, hata ikiwa na shule nzuri. Kuwasaidia FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, lilikuwa suala la haki, na pia lilikuwa suala la ulinzi wa mpaka. Msimamo na maslahi vilikuwa kitu kimoja. Pale vinapokutana hivyo, nchi maskini hupata nguvu isiyolingana na mfuko wake. Ndiyo maana Aprili 1976 Kissinger huyohuyo alikuja Dar es Salaam kuonana na Nyerere. Hakuja kwa sababu ya jeshi letu wala pamba yetu. Alikuja kwa sababu mgogoro wa kusini mwa Afrika haungeweza kumalizwa bila nchi zilizo mstari wa mbele, na sisi tulikuwa kwenye mstari huo kwa hiari yetu.

Tufike sasa 1981. Salim alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwenye miaka 39. Alikuwa ameanza ubalozi Misri akiwa na miaka 22, akakaa New York muongo mzima, akaongoza Baraza Kuu mwaka 1979. OAU ilimsimamisha. Mpinzani wake alikuwa Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka muhula wa tatu.

Kwa wasiojua utaratibu: Katibu Mkuu huteuliwa na Baraza Kuu, lakini kwa mapendekezo ya Baraza la Usalama, na pendekezo halipiti kama mmoja wa wanachama watano wa kudumu atalikataa. Hati ya Umoja wa Mataifa inasema katika ibara ya 2 kwamba dola zote ni sawa kimamlaka. Ibara ya 27 inatoa turufu kwa watano. Ibara hizo mbili zimekaa ndani ya kijitabu kimoja tangu 1945, na kwenye duru ya kwanza ya kura, Oktoba 27, 1981, Salim alikutana nazo zote mbili kwa pamoja. Alipata kura 11 kati ya 15. Waldheim alipata 10. Kwa kuhesabu vichwa, mtoto wa Zanzibar alikuwa ameshinda. Marekani ikamkataa. China ikamkataa Waldheim.

Ikawa hivyo kwa wiki tano na zaidi. China ilimzuia Waldheim mara 16. Marekani haikulegeza kwa Salim. Mwezi Desemba urais wa Baraza la Usalama ulimwangukia Olara Otunnu wa Uganda, kijana wa Afrika Mashariki mwenzake, ambaye alifanya kazi ngumu: aliwaomba wagombea wote wawili wakae pembeni. Wakakubali. Otunnu akaendesha kura ya majaribio isiyo rasmi kuona nani hana turufu ya mtu, na Desemba 11 Baraza likampendekeza Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Sasa kwa nini Marekani ilimkataa? Itazame Washington ya mwaka ule. Ronald Reagan ameingia Januari. Msaidizi wake wa mambo ya Afrika, Chester Crocker, amekuja na sera ya kuzungumza na Afrika Kusini ya makaburu badala ya kuibana. Uhuru wa Namibia, inayotawaliwa na Afrika Kusini hiyohiyo, umefungwa kamba na kuondoka kwa wanajeshi wa Kuba walioko Angola. Hiyo ndiyo ajenda. Na nani anagombea kukalia ofisi itakayosimamia suala la Namibia? Mtu aliyeongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni tangu 1972 hadi 1980. Mtu anayefahamiana kwa karibu na viongozi wa SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, na wa ANC ya Afrika Kusini. Mtu wa serikali ya Nyerere. Kama ningekuwa mshauri wa Reagan na ninaamini sera ile, ningemwambia vilevile: huyu hapana. Sera yenyewe naiona ilikuwa mbaya, na Wanamibia waliingoja bendera yao hadi Machi 1990. Lakini ilikuwa na mantiki, na mantiki hiyo haihitaji kinyongo cha 1971 hata kidogo. Bush alikuwa Makamu wa Rais, ndiyo, na binadamu hukumbuka. Kumbukumbu yake huenda ilikoleza moto. Kuni zilikuwa Namibia.

Kuamini ni suala la shangwe kuna madhara. Kunatufanya tudhani kwamba Salim angekuwa mpole usiku ule, angepita. Wapo wanaowafundisha vijana wa diplomasia somo hilo hasa: msiudhi wakubwa. Mimi naona Salim angekaa kitini kimya kama jiwe usiku ule wa 1971, bado angekataliwa 1981, kwa sababu kilichokataliwa ni kazi aliyoifanya baina ya miaka hiyo miwili. Hakukataliwa kwa udhaifu. Alikataliwa kwa sababu angefanikiwa.

Na China? Turufu 16 ni nyingi, na tunawashukuru. Ila tuzisome nazo. Beijing ilikuwa imesema inataka Katibu Mkuu kutoka Dunia ya Tatu. Ilimtaka Salim, na kwa Salim ilikuwa na deni la heshima. Alipotokea Mperu, Dunia ya Tatu ilikuwa imepatikana, na turufu zikaishia hapo. Maslahi ya China na yetu yalitembea pamoja kwa duru 16 halafu yakafika njia panda. Sioni usaliti hapo. Naona rafiki aliyetusindikiza hadi pale njia yake ilipokatia kona.

Salim baadaye aliiongoza OAU kuanzia 1989 hadi 2001, muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyeshika nafasi ile. Afrika iliyokosa kumpeleka New York ilimpata Addis Ababa.

Naandika haya baada ya reli ileile kurudi kwenye habari. Septemba 2024, Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ile ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Miezi mitatu baadaye Rais Joe Biden akaenda Angola kuutazama Ushoroba wa Lobito, reli inayoipeleka shaba ya Kongo, na baadaye ya Zambia, kwenye Bahari ya Atlantiki kwa msaada wa Marekani na Ulaya. Mtandaoni kwetu watu wamerudi kwenye lugha ya mahaba: nani rafiki wa kweli, nani mnyonyaji, tuchague upande upi.

Tazama Zambia inavyofanya. Hichilema yumo kwenye makubaliano yote mawili, ya mashariki na ya magharibi, na haombi radhi kwa yeyote. Mwaka 1965 mlango mkuu wa nchi yake ulikuwa umeshikwa na Smith. Leo inajenga miwili na itapitisha shaba pale penye nauli nafuu na siku chache. Kwa Zambia hayo ni maslahi sahihi kabisa. Kwa sisi ina maana kwamba undugu wa Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na Nyerere hautaleta kontena hata moja Dar es Salaam. Kitakacholeta ni treni inayofika siku iliyoahidiwa, meli isiyongoja wiki nje ya bandari, na mkataba wa TAZARA ambao wabunge wetu wameusoma kifungu kwa kifungu: nani anaendesha, kwa miaka mingapi, nauli inapangwa na nani, na mzigo ukipungua hasara inabebwa na nani. Hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili vijiweni, kwa sauti kubwa ileile tunayomsimulia nayo Salim.